Kompyuta tatu za steshenari, RAM ya GB 1 kila moja, Debian 10 imegoma kusasishwa: nianzie wapi?

mwenye_steshenari (Nkuhungu, Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Swali langu ni refu kidogo, mnivumilie. Nikilifupisha mtaniuliza yale yale niliyoyaacha.

Nina steshenari hapa Nkuhungu. Nachapa, natoa kopi, nalamineti, najazia watu fomu za kazi na za mkopo wa chuo. Mashine ni tatu, zote nilinunua zikiwa zimeshatumika. Ya mezani ni HP Compaq dc7700, mbele ina stika ya Core 2 Duo, RAM yake ni vijiti viwili vya MB 512. Ya pili ni laptopu yenye stika ya Centrino Duo, betri ilikufa siku nyingi kwa hiyo inaishi kwenye waya. Ya tatu ni netibuku ndogo ya Atom N270. Hizo mbili nazo zina GB 1 kila moja.

Mpaka mwaka 2020 zote zilikuwa na windo (Windows). Kilichonitoa huko ni flashi. Mnaofanya kazi hii mnajua: mteja anachomeka flashi, folda zake zote zimegeuka alama zenye mshale mdogo, ukibonyeza moja kirusi kimeshaingia kwenye mashine, na kila flashi itakayofuata inaondoka nacho. Siku moja alikuja binti wa chuo na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, kurasa zaidi ya 60, anatakiwa kuikabidhi saa nane mchana. Tukafungua flashi, tukakuta mshale mmoja tu. Nikabonyeza, hamna kitu. Akakaa kwenye benchi langu la wateja akaanza kulia bila sauti, machozi yanashuka tu. Kulikuwa na kijana amekuja kutoa kopi ya cheti. Akaomba aichomeke ile flashi kwenye laptopu yake, ambayo ilikuwa na Linux. Ikaonyesha folda moja isiyo na jina kabisa, na ndani ripoti nzima ipo, picha zipo, majedwali yapo. Akatueleza kwamba kirusi hakikufuta chochote. Kilichofanya ni kuyabandika mafaili alama ya kufichwa, na Linux haiijali alama hiyo. Saa sita na nusu tulikuwa tunachapa.

Wiki ile ile nikamlipa yule kijana anipigie Linux zote tatu. Alitumia flashi moja kwa mashine zote, Debian 10 (aina mojawapo ya Linux) yenye dawati jepesi la LXDE. Tangu siku hiyo mashine zangu hazijashikwa na kirusi cha flashi hata mara moja. Kwa hiyo naomba msinishauri kurudi windo.

Sasa kijana alishahama mji na mimi nimekwama. Nikiandika apt update, amri ya kutafuta masasisho, napata maneno "no longer has a Release file". Tovuti ninazojazia watu fomu zinafunguka nusu. Juzi kitufe cha kupandisha cheti hakikuonekana kabisa, ikabidi nimalizie kwenye simu ya mteja. Netibuku ina lake peke yake: nilipata mahali anwani ya archive.debian.org nikaiweka, ikajibu "is not valid yet" na hesabu ya maelfu ya siku. Kivinjari chake nacho kinaniambia kila tovuti si salama.

Naomba kujua: nikibadilisha neno buster (jina la Debian 10) kuwa trixie naweza kuruka moja kwa moja mpaka Debian 13? Au nifute nianze upya? Na kwa GB 1 hizi mashine bado zina maisha? Intaneti yangu ni bando la simu na umeme unaweza kukatika wakati wowote. Mashine hizi ndizo zinalipa kodi ya fremu na ada za wanangu wawili, siwezi kuzifunga zote kwa pamoja.

FundiSabasaba

Dada pole. Mimi wa vyuma, mambo ya Debian watakuja wenyewe.

Kabla hujagusa programu fungua hiyo dc7700. Kwa vumbi la Dodoma, hasa upepo ule wa mwezi wa saba, mashine ya mezani isiyofunguliwa miaka mitano imeshaziba. Prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe, utalaumu Linux bure. Toa feni, piga brashi laini, ile pesti kavu iliyo juu ya prosesa ifute na upake mpya.

Halafu ongeza RAM. Hiyo inakula DDR2 ya mezani, vijiti virefu. Usiuziwe vya laptopu, ni vifupi, havikai. Vinapatikana kwa mafundi wanaofungua mashine mbovu. Ukiweka ikapiga mlio mara tano na taa nyekundu inawaka-waka, usiogope: hapo inalalamikia RAM. Vitoe, sugua meno ya shaba kwa ufutio wa penseli, rudisha mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe.

Netibuku ungeachana nayo tu. Uza skrini.

mwalimu_Kongwa

Mbukwenyi. Dada yangu, usibadilishe neno lolote kwanza. Na netibuku usiiuze skrini, nitairudia.

Mimi nafundisha sekondari huku Kongwa na nimeshapandisha mashine za namna hii nyingi, baadhi nikaziharibu nikazitengeneza tena. Nilichojifunza ni kwamba swali la kwanza ni la prosesa, toleo linafuata baadaye. Kwenye kila mashine fungua terminali uandike:

lscpu | grep op-mode

Ikijibu "32-bit, 64-bit", mashine hiyo bado ina safari ndefu. Ikijibu "32-bit" peke yake, safari yake ina kituo cha mwisho kinachojulikana.

Debian 13, hiyo trixie, ilitoka Agosti 2025, na ndiyo ya kwanza kutokuwa na kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 32 kwa kompyuta zetu hizi. Pakeji (mafungu ya programu) za i386, yaani biti 32, bado utazikuta ndani yake, lakini zimebaki kwa ajili ya kuendesha programu za zamani juu ya mfumo wa biti 64. Hapo ndipo mtego ulipo. Ukibadilisha buster kuwa trixie kwenye mashine ya biti 32, apt inaweza kukubali na kuanza kushusha, na ukabaki na programu mpya juu ya kerneli ya zamani ambayo hakuna anayeitengeneza tena. Waandaaji wenyewe wameandika kwenye maelezo ya toleo kwamba wenye mfumo wa i386 wasipande kwenda 13. Kwa biti 32 kituo cha mwisho ni Debian 12, bookworm, iliyotoka Juni 2023 na inayoangaliwa kiusalama mpaka Juni 2028.

Sasa mashine zako. Core 2 Duo zote ni za biti 64, kwa hiyo dc7700 ilipigwa biti 32 kwa sababu flashi ya yule kijana ilikuwa moja tu, na ya biti 32 ndiyo inayoingia kila mahali. Biti 32 haigeuzwi kuwa 64 kwa apt bila taabu kubwa. Nakili /home yako (folda yenye mafaili yako) yote kwenye diski ya nje, futa, piga Debian 13 ya amd64, yaani biti 64, upya. Atom N270 ni ya 2008 na ni biti 32, haina mjadala. Laptopu ndiyo siijui. Stika ya Centrino Duo waliibandika kwenye mashine za Core Duo na za Core 2 Duo vilevile, na Core Duo isiyo na hiyo 2 ni biti 32. Amri ndiyo itakayokujibu.

Kama laptopu ni biti 32, ipandishe ngazi kwa ngazi: 10 kwenda 11 (bullseye), 11 kwenda 12 (bookworm). Usiruke. Kwenye /etc/apt/sources.list futa yaliyomo, andika:

deb http://deb.debian.org/debian bullseye main contrib non-free
deb http://security.debian.org/debian-security bullseye-security main contrib non-free

Angalia vizuri mstari wa pili. Kwenye Debian 10 uliandikwa buster/updates. Kuanzia 11 ukawa bullseye-security. Watu wanabadilisha jina tu, wanaacha /updates, halafu wanashangaa apt inasema hakipo kitu. Kisha:

sudo apt update
sudo apt upgrade --without-new-pkgs
sudo apt full-upgrade

Zima, washa, hakikisha kila kitu kinafanya kazi, ndipo urudie kwa bookworm na bookworm-security. Hapo mwisho wa kila mstari ongeza neno non-free-firmware. Zamani firmware (programu ndogo zinazoendesha vifaa) za Wi-Fi zilikaa ndani ya non-free. Kwenye 12 zimepewa fungu lake. Laptopu nyingi za Centrino zina kadi ya Wi-Fi ya Intel 3945, nayo inaitegemea firmware hiyo. Ukisahau neno hilo, firmware yako inabaki ya zamani na siku ukipiga upya hutaiona Wi-Fi.

Kuhusu bando: usiku, bando likiwa rahisi, weka -d mwisho wa full-upgrade. Itashusha pakeji zote na kuziweka /var/cache/apt/archives bila kugusa mfumo. Bando likikata katikati, ukirudia inaendelea ilipoishia. Asubuhi umeme ukiwa umetulia unaendesha amri ile ile bila -d, nayo haitahitaji intaneti. Simu iunganishe kwa waya wa USB, Debian inaiona kama waya wa mtandao wa kawaida.

Netibuku ina ugonjwa mdogo. Andika date. Nina hakika itakuonyesha mwaka uliopita zamani. Betri ndogo ya saa, CR2032, imekwisha, kila ukizima inasahau leo ni lini. Mafaili ya Debian yana tarehe ya kutolewa. Mashine ikijiona ipo miaka ya nyuma, faili la miaka ya mbele kwake bado halijafika, ndiyo hiyo "not valid yet". Vyeti vya tovuti ni hivyo hivyo, kwake muda wake wa kuanza haujafika. Weka tarehe sahihi kwa sudo date -s, ukaikazie kwenye saa ya ndani kwa sudo hwclock -w. Kisha badilisha betri. Kwenye baadhi ya netibuku ina waya mwembamba na plagi, kwa hiyo mpelekee fundi, usiing'oe kwa kisu.

kijana_wa_Chimwaga

Shikamoo mama. Nasoma UDOM, na netibuku ya N270 ninayo mpaka leo, ndiyo niliyojifunzia, kwa hiyo samahani Fundi, siungi mkono kuuza skrini.

Kwa netibuku mimi ningefuta nikapiga antiX 23 ya biti 32. Imejengwa juu ya Debian 12, haitumii systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo), na dawati lake ni IceWM. Yangu ikishawaka, free -m inaonyesha imetumia MB 170 hivi kabla sijafungua programu. Mengine yote nijuayo ya apt yanafanya kazi humo. Lubuntu usiitafute, toleo lake la mwisho la biti 32 lilikuwa 18.10. Puppy nayo ni nyepesi, ila inakaa kwenye RAM na kuhifadhi kazi kwa namna yake; kwa duka lenye mafaili ya wateja siipendi.

Kwenye laptopu na netibuku weka zram. Ni sehemu ya RAM inayotumika kama swap (akiba ya RAM ambayo kwa kawaida hukaa kwenye diski), lakini vitu vikiingia humo vinabanwa, kwa hiyo vinakaa vingi zaidi kuliko vingekaa bila kubanwa. Kwenye diski za zamani zinazozunguka utaiona tofauti siku ile ile, maana mashine inaacha kuhangaika na diski kila ukibadilisha dirisha. Kwenye Debian:

sudo apt install zram-tools

Fungua /etc/default/zramswap, weka ALGO=lz4 na PERCENT=50, halafu sudo systemctl restart zramswap (kwenye antiX amri hii ya mwisho haipo, maana ni ya systemd). Wengine watakwambia zstd inabana zaidi. Ni kweli, ila inaipa prosesa kazi zaidi, na Atom haina nguvu hiyo.

Ila mama naomba nikwambie jambo ambalo halitatatuliwa na zram. GB 1 leo inatosha LibreOffice, inatosha PDF, inatosha kuchapa. Inayokula RAM ni tovuti. Mfumo ukiwa mwepesi namna gani, ukurasa mmoja wa kujazia maombi unaweza kuchukua MB 300 au 400 peke yake. Na kwa biti 32 mlango unafungwa: Chrome ya Linux waliacha biti 32 tangu 2016, na Mozilla wametangaza kwamba Firefox 144 ndiyo ya mwisho, ikibaki ESR 140, toleo la muda mrefu, inayopewa marekebisho ya usalama mpaka angalau Septemba 2026. Kwa hiyo fomu zote zipeleke kwenye dc7700. Weka uBlock Origin, matangazo yakizuiwa ukurasa unapungua uzito.

Jambo la mwisho kuhusu flashi. Mashine yako haishikwi na kile kirusi, lakini flashi ya mteja inatoka nacho kama ilivyoingia. Ukiona mafaili ya mwisho .lnk au .vbs na faili la autorun.inf, mwambie mwenyewe, akikubali yafute, halafu yatoe mafaili yake kwenye ile folda isiyo na jina.

mwenye_steshenari

Narudi baada ya wiki mbili. Marahaba mwanangu. Mwalimu, Fundi, asanteni sana. Naandika yote yaliyotokea kwa sababu najua kuna mwenye steshenari mwingine atalisoma hili.

lscpu ilijibu hivi: dc7700 biti 32 na 64. Laptopu biti 32 tu, ni Core Duo T2300. Netibuku biti 32.

Nilianza na dc7700, Jumamosi jioni baada ya kufunga. Nilipofungua ubavu nilikaa kimya. Kipoza prosesa hakikuonekana bati, kilikuwa kimevaa kitu kama blanketi jekundu, vumbi limeshikana na nyuzi za karatasi za kopi. Lilitoka kipande kizima kama kitambaa. Vijiti viwili vya GB 1 nilipata kwa fundi mmoja karibu na soko la Majengo, elfu kumi kila kimoja. Nikaviweka, nikawasha: mlio mara tano na taa nyekundu. Kama nisingesoma ujumbe wa Fundi ningeirudisha nikidai pesa yangu. Nikasugua kwa ufutio wa mwanangu wa darasa la tano, nikabonyeza mpaka nikasikia "ta" pande zote mbili. Ikawaka. Sasa free -m inasoma elfu mbili mia tisa na kitu.

Flashi ya Debian 13 niliiandikia kwenye laptopu kwa amri ya dd. Niliandika lsblk (inayoorodhesha diski) mara tatu kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu ukikosea herufi baada ya of=/dev/ unafuta diski yako mwenyewe. Kwenye usakinishaji kuna mahali panapouliza dawati gani. Tiki ilikuwa imeshawekwa kwenye GNOME. Niliitoa kwa kitufe cha nafasi, nikaweka LXQt. Naliandika hili kwa sababu ni rahisi kupita hapo kwa Enter tu, na GNOME kwa mashine hii ingekuwa mzigo. Fomu zinafunguka zote, vitufe vyote vinaonekana.

Laptopu ndiyo iliyonitesa. Kutoka 10 kwenda 11 ilikwenda salama, nilishusha usiku wa manane kama Mwalimu alivyosema. Kutoka 11 kwenda 12, asubuhi, ikiwa inafungua pakeji, imefika kama nusu, umeme ukakatika. Betri haina, ikazima pale pale. Umeme uliporudi ikawaka na skrini nyeusi, maandishi tu, inaomba jina na paswedi. Mikono ilikuwa inatetemeka, nasema ukweli, kwa sababu kwenye laptopu hiyo kuna mihtasari ya mikutano ya kikundi chetu cha akina mama tangu 2018. Nikaingia, nikajaribu apt, ikaniambia yenyewe cha kufanya: "dpkg was interrupted, you must manually run 'dpkg --configure -a'". Nikafanya:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
sudo apt full-upgrade

Ya kwanza ilichukua karibu dakika arobaini. Mistari inapita, inasimama, inapita. Sikuigusa. Ilipomaliza nikaendesha nyingine mbili, nikazima, nikawasha, na dawati likarudi na picha ile ile ya shamba la zabibu niliyoiweka nyuma. Mihtasari yote ipo. Siku ile ile nilinunua diski ya nje ya pili. Mtu asipandishe mfumo bila kunakili mafaili yake kwanza, hata akiwa na haraka namna gani. Mimi dc7700 niliinakili, laptopu nikaiamini tu.

Zram nimeweka. Zamani nikifungua LibreOffice na kivinjari kwa pamoja taa ya diski ilikuwa haizimiki. Sasa inazimika.

Limebaki moja. Printa yangu ni LaserJet 1020, ilikuwa inachapa vizuri kwenye laptopu hii chini ya Debian 10. Sasa nikituma kazi inasema imekamilika, foleni inabaki tupu, printa kimya. Taa ya kijani inawaka. Waya nimebadilisha. Nifanye nini?

mwalimu_Kongwa

Hongera sana dada yangu, na pole kwa ile asubuhi.

Printa haijaharibika. 1020 haina firmware ndani yake. Kila ikiwashwa, kompyuta ndiyo inayoipelekea. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na hplip, programu ya printa za HP, ikisaidiwa na programu-jalizi yake, na hiyo jalizi lazima ilingane na toleo la hplip. Ulipopanda 12, hplip ikawa mpya, jalizi ikabaki ile ya kwenye 10. Unganisha intaneti, andika:

hp-plugin

Kubali masharti, ikimaliza zima printa, hesabu mpaka kumi, iwashe. Ukisikia mota inazunguka kidogo yenyewe kabla hujatuma kitu, firmware imepokelewa. Kwenye dc7700 fanya vilevile. Na kumbuka, siku hplip ikisasishwa kwenda toleo jingine utarudia.

FundiSabasaba

Netibuku je?

mwenye_steshenari

Mwalimu, mota imezunguka. Nimeshatoa kurasa 14 sasa hivi, barua za wazazi za shule ya jirani.

Fundi, netibuku skrini yake ipo pale pale. Betri ya saa ilikuwa ya waya kweli, imebadilishwa, tarehe inakaa hata nikiichomoa usiku kucha. Nimepiga antiX kama kijana alivyosema, na kwa kuwa najua haitaweza tovuti, nimeizimia intaneti kabisa. Nimeiweka mbele ya kaunta, imemwelekea mteja. Flashi yoyote inaanzia hapo: tunaifungua pamoja, mwenyewe anaona folda isiyo na jina na vile vimshale, ananiambia futa, nafuta, tunarudisha mafaili mahali pake, ndipo flashi inakwenda kwenye mashine ya kuchapia. Leo mpaka saa kumi zimepita tisa, nne zilikuwa na kirusi. Mmoja ni mzee aliyekuja na hati za kiwanja chake Ihumwa, alikuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba zimefutika. Zilikuwemo zote saba.

Mwanangu wa Chimwaga, ukishuka mjini pitia hapa. Kazi yako ya mwisho wa mwaka nitaichapa mimi, hulipi.